Poda Tupu

Ponirah alipiga goti mbele ya mchikichi namba saba, akafuta jasho la kidirisha cha plastiki kwa kidole gumba, akachungulia ndani ya mfuko. Alitarajia kuona manjano. Aliona nyeupe.

Alihamia upande wa pili akachungulia tena, maana macho ya mtu wa miaka hamsini na mbili hayaaminiki sana. Nyeupe ileile, kama unga uliomwagika mezani. Ua lenyewe halikuwa na kasoro. Ua la mchikichi ni kichala cha maua madogo mengi, na kila moja lilikuwa limefungua midomo yake mitatu, rangi ya malai, tayari kupokea. Na juu ya midomo hiyo, tangu jana saa nne asubuhi, palikuwa na poda aliyoipuliza yeye mwenyewe, nayo haikuwa na chembe hata moja ya chavua.

"Kasmin," alisema kwa sauti ya chini, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. "Umenifanyia nini?"

Kasmin, mumewe, alikuwa amekufa siku mia nane na kumi na mbili nyuma. Ponirah alizijua kwa sababu alikuwa anazihesabu. Arobaini ilipita, ya mia ikapita, na kwa Wajava wa Johor ipo pia hitima ya siku elfu, siku ambayo jiwe husimamishwa juu ya kaburi na marehemu huachwa aende zake. Mpaka siku hiyo, watu wa kwao husema, bado yuko karibu. Ponirah alikuwa na sababu ya kumtaka awe karibu: alitaka kumwonyesha mbegu ya namba saba.

Kasmin alifanya kazi ya kuchavusha michikichi kwenye kituo kile cha utafiti, nje kidogo ya Kluang, miaka ishirini na sita. Ni kazi ya kujua mama ni nani na baba ni nani. Unaliona ua jike likiwa bado limejificha kwenye kikwapa cha kuti, unalivika mfuko kabla halijafunguka, unafunga shina lake kwa pamba na mpira ili hata fukusi mmoja asipenye kuleta chavua isiyotakiwa. Kisha unasubiri, unachungulia kila asubuhi. Siku midomo inapofunguka unatoboa kidirisha, unapuliza poda iliyochanganywa na chavua ya dume ulilolichagua, unabandika utepe juu ya tundu. Siku mbili, tatu ukibahatika, midomo inageuka rangi ya zambarau na mlango umefungwa.

Zamani walikuwepo wachavushaji wavivu. Walifunga mifuko ovyo, fukusi wakaingia, na mbegu zikauzwa zikiwa na baba asiyejulikana. Kasmin ndiye aliyeleta dawa yake. Poda ikawa inakuja kwenye mirija ya kioo cha kahawia, kumi kwa kila sanduku. Tisa ina chavua. Mmoja ni poda tupu. Hakuna mchavushaji anayejua ni upi, na ni mwiko kuchagua, unachukua unaofuata kwenye mstari. Namba ya mrija mtupu imeandikwa kwenye bahasha iliyofungwa, imewekwa kabatini mwa stoo. Mikungu ikivunwa ndipo bahasha inafunguliwa. Ukikuta mbegu kwenye ua lililopewa poda tupu, basi mfuko ulivuja, na maua yote kumi yanatupwa.

Watu walimchukia Kasmin kwa hilo mwaka mzima. Baadaye wakalizoea, likawa desturi ya kituo, na hata alipokufa hakuna aliyewaza kuliacha. Ponirah, ambaye alianza kazi chini yake kabla hajawa mke wake, hakuwaza kabisa. Jana alifungua sanduku, mitatu ilikuwa imeshatumika shambani, akachukua mrija wa nne. Hakuna mtu aliyekumbuka kwamba nyumba ya wavu, ilimo namba saba, haina maua kumi. Ilikuwa na ua moja tu.

Alinyanyuka, akapita milango miwili, akavua koti na mabuti kama sheria inavyotaka, akaenda stoo.

Mtunza stoo alikuwa Wak Sarip, yaani Mzee Sarip, mtu mfupi mwenye kofia ya sufi isiyotoka kichwani hata kwenye joto la saa saba. Alikuwa rafiki wa Kasmin tangu utoto wao kijijini. Alimsikiliza Ponirah mpaka mwisho huku akikoroga kahawa.

"Umeona nyeupe," alisema.

"Nyeupe pe. Chavua ikilala usiku mmoja kwenye jasho la mfuko inageuka manjano. Wak unajua."

"Mimi najua stoo. Ya maua ninyi ndio mnajua."

"Basi nipe mrija mwingine. Ua lina leo na nusu ya kesho."

Wak Sarip aliweka kijiko chini. Akamweleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba mrija wa pili kwenye ua moja hautolewi bila bahasha kufunguliwa, na bahasha ya nyumba ya wavu haifunguliwi bila saini ya Doktor, mtafiti mwenye michikichi ile, naye yuko Putrajaya, mji wa serikali, kwenye kikao cha kibali tangu juzi. Aliyeweka utaratibu huo, akaongeza, hayupo wa kuulizwa.

"Huyo aliyeuweka nimelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na mbili."

"Ndiyo maana nakuonea huruma," Wak Sarip alisema. "Kasmin alikuwa mkaidi kama nyati kwenye tope. Lakini mimi nikitoa mrija leo, kesho kila mtu atasema kaona nyeupe."

Ponirah alimpigia Doktor. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga ofisini, katibu akasema ataacha ujumbe. Alipiga tena saa sita, saa nane, saa tisa. Katibu alianza kujibu kwa sauti ya mtu anayetafuna. Mvua ilishuka kutoka mlima Lambak ikapiga paa la stoo mpaka wakawa hawasikilizani, na Ponirah alikaa kwenye gunia la mbolea akiangalia mlango wa jokofu la chavua. Kufuli yake ilikuwa ndogo kuliko kidole chake gumba.

Nyumba ya wavu ilikuwa na michikichi kumi na miwili tu, yote ya Doktor Vimala. Ilizaliwa kwenye chupa, kutoka chembe zilizobadilishwa vinasaba, na Doktor, binti mwembamba wa Kitamil aliyekuwa mdogo kwa Ponirah miaka kumi na mitano, alikuwa ameitia mambo mawili. La kwanza, itoe maua mapema, ili wanaotafuta mbegu bora wasizeeke wakisubiri kizazi kimoja. La pili, tunda livimbe lenyewe, bila kungoja chavua wala fukusi. La kwanza lilifanya kazi nusunusu. La pili lilikuwa bado ni maneno ya kwenye karatasi. Vibarua wa shambani waliiita michikichi ya wajane, kisha wakakumbuka kwamba Ponirah yuko pale, wakanyamaza. Ponirah mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza.

Lakini utani haukubadilisha kibali. Kibali cha serikali cha kuiotesha kilikuwa kinaisha mwezi wa Novemba, na sheria yake ilikuwa fupi: ukoo uliotoa mbegu unaendelea, ukoo usio na mbegu unakatwa na kuchemshwa kwenye mvuke mpaka usibaki hata uzi ulio hai. Namba tatu na namba kumi na moja zilikuwa zimetoa maua dume matupu, yakakatwa kabla hayajafunguka. Nyingine hazikutoa kitu. Namba saba peke yake ndiyo iliyotoa ua jike.

Na namba saba ilikuwa kazi ya mwisho ya Kasmin. Wiki ile kabla ya kulazwa, figo zikiwa zimekwisha kumwacha, aliubeba mche kutoka kwenye mfuko mdogo akauhamishia kwenye pipa kubwa, akaushindilia udongo kwa ngumi. Uso ulikuwa umemvimba. Aliandika kibao kwa mwandiko wake, saba yenye mkato katikati, akasema anataka aone ua lake. Hakusema neno jingine la kukumbukwa baada ya hapo. Hospitalini alizungumzia maji na mito ya kitanda.

Asubuhi ya siku ya tatu Ponirah alikuta midomo mingi imeshaanza kuona haya, waridi hapa, zambarau pale. Harufu ya shamari, ile ambayo ua la mchikichi hutoa linapoita, ilikuwa imepungua. Saa tano kasorobo katibu akapiga stoo: Doktor amepata ujumbe, bahasha ifunguliwe, Ponirah apewe mrija. Wak Sarip alifungua bahasha mbele yake kwa kisu cha kukatia kamba. Kwenye karatasi palikuwa na tarakimu moja. Nne.

"Haya, ulikuwa sahihi," alisema Wak Sarip, akafungua jokofu.

"Nilikuwa sahihi jana," alisema Ponirah.

Alikimbia. Mtu wa umri wake, kwenye matope, ameshika mrija kifuani kama kifaranga. Alivaa koti, akavaa mabuti, akapita milango miwili, akapiga goti. Midomo ya juu yote ilikuwa imeshafunga kazi. Chini kabisa, upande wa kivuli, bado palikuwa na michache ya malai. Alihamishia poda kwenye chupa ya kupulizia, akatoboa kidirisha, na simu ikalia mfukoni.

Ilikuwa ni Doktor.

"Dada Pon, umeshapuliza?"

"Bado. Ndiyo nimeshika chupa."

"Acha. Usipulize."

Doktor aliendelea, haraka, na nyuma yake kulikuwa na kelele za vikombe. Alisema tangu aambiwe bahasha imesema nne amewaza upya. Alisema namba saba inalo lile jambo la pili, na hawajawahi kupata ua jike la kulipima. Sasa wamelipata, limepewa poda tupu, mfuko umefungwa na mkono unaoaminika, na hakuna aliyepanga. Likivimba lenyewe atakuwa na ushahidi ambao hakuna mtu Putrajaya atakayeweza kuupinga. Atawaomba miaka mitano mingine na watampa.

"Na mbegu?" aliuliza Ponirah.

"Tunda la namna hiyo halina mbegu, dada. Ndiyo maana yake."

"Na lisipovimba?"

"Basi tumelikosa. Lakini hata ukipuliza sasa, si limeshapitwa?"

"Huku chini bado yapo madogo yaliyo wazi."

"Mangapi?"

Ponirah aliyahesabu kupitia kidirisha. "Manne. Pengine matano."

"Dada Pon. Usiniharibie kazi ya miaka sita kwa maua matano."

Ponirah alisema amesikia. Hilo halikuwa uongo. Akarudisha simu mfukoni, akabaki ameinama na chupa mkononi, na maji ya umwagiliaji yakimdondokea kisogoni.

Alijua Kasmin angesema nini. Angesema mfuko ukishapewa poda tupu ni mfuko wa poda tupu, uache, ndiyo kazi yake, utuambie ukweli. Angelisema huku anatafuta kofia yake, bila hata kumtazama. Na hapo ndipo hasira ilipompanda Ponirah, hasira ambayo hakuwa nayo hata siku ya mazishi. Haikuwa ya Doktor wala ya Wak Sarip wala ya Putrajaya. Ilikuwa ya yule mtu aliyemwachia kila kitu kikiwa na kanuni yake, mpaka namna ya kukunja mfuko, na hakumwachia hata kanuni moja ya namna ya kukaa bila yeye. Siku mia nane na kumi na tatu amekuwa akifanya kila jambo kama alivyofundishwa. Na alichopata ni poda tupu.

Aliminya chupa. Ukungu hafifu uliingia ukatua chini, upande wa kivuli. Aliminya tena. Akabandika utepe.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kuiosha chupa na kuurudisha mrija kwa Wak Sarip, aseme Doktor amebadili mawazo. Badala yake mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye daftari lililoning'inia kwa kamba mlangoni, ukaandika tarehe, saa tano na dakika kumi, mrija wa tano, umepulizwa mara ya pili, maua manne au matano ya chini. Alipomaliza kuandika ndipo alipoona alichofanya. Akaliangalia daftari kama mtu anayeangalia mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata.

Doktor Vimala alirudi baada ya siku mbili, akalisoma. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama chupa ilikuwa safi, akauliza kama utepe ulibandikwa upesi, akashukuru. Kuanzia siku hiyo akaacha kumwita Dada Pon. Akamwita Bi Ponirah, kama wanavyoitwa watu wa uhasibu.

Ua likavimba.

Halikuvimba pale chini peke yake. Lilivimba lote, juu, kati na chini, matunda yakasukumana yakajaza mfuko mpaka ikabidi upasuliwe na kubadilishwa. Doktor alikuja kila siku akachutama, akauangalia mkungu kwa uso wa mtu anayetazama chakula chake kikiliwa na mgeni. Jambo lake la pili lilikuwa limefanya kazi. Lilikuwa mbele ya macho yake, jekundu kabisa, na halikuwa na thamani ya senti. Kamati ya kibali ilishamjibu kwa mistari miwili: mfuko uliopulizwa mara mbili hauthibitishi jambo lolote. Ponirah alikuwa akimwagilia upande wa pili wa nyumba, na wote wawili walikuwa wanasikia maji tu.

Siku moja tu Doktor alimgeukia. "Ulijua nitalisoma daftari," alisema.

"Nilijua."

"Ungeweza kuacha kupuliza. Au ungepuliza usiandike. Umechagua vyote viwili vya kuniumiza."

"Sikuchagua cha pili, Doktor. Cha kwanza ndicho nilichagua."

Doktor alitikisa kichwa akatoka, akasahau kuvua mabuti, ikabidi arudi.

Mkungu ulivunwa siku ya mia tisa na sabini tangu Kasmin afe. Ulikuwa mdogo, wa mti mchanga, matunda tisini na moja. Waliyapasua wawili peke yao kwenye meza ya maabara, Doktor upande huu, Ponirah upande ule, na kisu cha Kasmin chenye mpini uliofungwa mpira. Nyama ya tunda ilikuwa nene, mafuta yakawachuruzika mpaka viwikoni. Katikati, mahali pa kokwa, kulikuwa na uzi laini na upepo. Tunda la kumi hivyohivyo. La thelathini hivyohivyo. Doktor aliandika kila moja. Ponirah alianza kupasua polepole, kama mtu asiyetaka kufika.

Kwenye tunda la sabini na nne kisu kiligota.

Alilivua kokwa nyama kwa kucha, akalisugua kwa mchanga, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Lilizama moja kwa moja. Doktor aliacha kalamu. Walimalizia yale yaliyobaki, yote yalikuwa matupu, wakakaa wakiitazama glasi.

"Moja," alisema Doktor.

"Moja ni mbegu," alisema Ponirah. "Sheria haikusema ngapi."

Sheria haikusema ngapi, lakini kamati ilipata la kusema. Barua ilikuja wiki iliyofuata. Kwa kuwa mfuko ulifunguliwa mara mbili, kokwa hilo lisagwe na lipimwe, ijulikane kama kweli ni la chavua iliyoandikwa au ni la wizi wa fukusi. Likithibitika kuwa mbegu halali, ukoo wa namba saba utaruhusiwa kuendelea.

Ponirah aliisoma barua amesimama mlangoni mwa ofisi ya Doktor. Akaisoma tena. "Wanataka tulisage ili waturuhusu kulipanda," alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Hawa watu wana mama zao?"

Doktor alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kukohoa, lakini kilikuwa cha kwanza katika miezi mitano, na kilipokwisha alijifuta macho na kusema jambo ambalo hakulazimika kulisema. Alisema kipimo hakihitaji kiini chote. Kinahitaji kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Mche umelala upande mmoja tu wa kiini, chini ya jicho, lile tundu la gamba ambamo mche hutokea. Mtu akiweza kuvunja gamba bila kukwaruza kiini, na kukata upande wa pili, kamati itapata unga wake.

"Nani ataweza?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi," alisema Ponirah, "ndiyo maana umeniambia."

Kokwa likivuliwa gamba huota upesi, lakini huoza upesi zaidi. Ponirah alilijua hilo alipokuwa akilibana kati ya vidole viwili, juu ya kitambaa chenye maji, na kijinyundo cha Kasmin mkono wa kulia. Aligonga mara moja, kidogo. Akageuza, akagonga. Jicho alilielekeza kwenye kiganja chake, ili kama ni kuumia waumie pamoja. Gamba lilipasuka kwa sauti kama ya mfupa wa kuku. Kiini kilikuwa cheupe, kizima. Alichukua kisu, akaondoa punje moja ya mchele upande usio na jicho, Doktor akaipokea kwenye kichupa.

Kiini kilipakwa dawa ya ukungu, kikaingizwa kwenye chumba cha joto. Mlango ule haufunguliwi ovyo. Kila asubuhi alisimama nje yake akasoma kipimajoto kilichokuwa ukutani, nyuzi thelathini na tisa, akaenda zake kazini.

Hitima ya siku elfu ikafika kiini kikiwa bado humo. Walisimamisha jiwe asubuhi, na mchana ukumbi wa nyumba ukajaa watu na masinia ya ambeng, wali katikati, kuku, tempe ya soya, tambi na nazi ya kukaangwa pembeni, watu wanne wanne kwa sinia. Wak Sarip alikula chakula cha watu wawili, akafunga mabaki kwenye jani kama desturi. Kisha akamwuliza Ponirah kwa sauti ya chini kama amemwambia Kasmin habari za kiini.

"Nimwambie nini? Kwamba kipo gizani, kimekatwa, sijui kama kizima?"

"Mwambie hivyohivyo."

"Leo ndiyo siku ya kumwacha aende, Wak. Nilitaka aende na jibu."

Wak Sarip alifikiri. "Kasmin hakuwahi kuondoka mahali kabla bahasha haijafunguliwa," alisema. "Elfu au si elfu."

Kibali kiliisha Ijumaa. Majibu ya kipimo yalikuwa yamekuja Jumatano: mama namba saba, baba ndiye aliyeandikwa. Ukoo uliruhusiwa. Miti yenyewe haikuruhusiwa, maana barua ya mbegu ni barua ya mbegu, na miti kumi na miwili ikakatwa kama ilivyoandikwa. Ponirah alikata namba saba mwenyewe. Alipofyeka makuti ya chini aliona kwenye kikwapa ua jingine, jike, limefungwa bado ndani ya ala yake, nono, na lilihitaji mwezi mmoja tu. Alimwita Doktor aje alione. Walisimama wakalitazama. Kisha likaingia kwenye pipa la mvuke pamoja na shina, pamoja na kibao chenye saba ya mkato, kwa sababu hata kibao kilikuwa kimegusa udongo.

Siku ya sitini na moja tangu kiini kiingizwe, chumba cha joto kilifunguliwa. Doktor alikitoa kiini kwenye mfuko wake, akakipeleka dirishani. Upande uliokatwa ulikuwa umekauka na kuwa kahawia kama kidonda kilichopona. Upande wa jicho ulikuwa umetoa ncha nyeupe, ndogo kama jino la kwanza la mtoto.

"Kak Pon," alisema Doktor. Alilisema kwa Kimalei, dada kama zamani, taratibu, akamkabidhi.

Ponirah alikishika. Alitegemea furaha, na labda ilikuwepo, lakini kilichomjia kwanza ni uchovu, na baada ya uchovu ni hamu ya kugombana na mtu aliyezikwa. Mti mmoja kutoka maua zaidi ya tisini. Na wangeweza kupata tisini.

Mwezi huohuo Wak Sarip alimwita stoo. Msimu mpya wa uchavushaji ulikuwa unaanza, na mtu wa kujaza mirija alikuwa amehamia Sabah. Alimsogezea sanduku tupu, chavua, poda na bahasha moja.

"Mche mpya wa nyumba ya wavu nao utatoa maua siku moja," alisema. "Sanduku la kule unaweza kulijaza unavyotaka. Sitachungulia."

Ponirah alivuta kiti. Alijaza mirija tisa, akaichanganya vizuri. Aliushika wa kumi mkononi muda mrefu. Wak Sarip alijifanya anahesabu magunia.

"Mkaidi wewe," alisema Ponirah, na Wak Sarip hakuuliza anamwambia nani.

Akaujaza poda tupu, akaufunga, akauchomeka katikati ya ile mingine. Akaandika namba kwenye karatasi bila kuitazama sana, akaikunja, akalamba gundi ya bahasha. Kisha akaandika pembeni ya sanduku, kwa herufi kubwa, kanuni ambayo haikuwepo: *Ua likiwa moja tu, bahasha ifunguliwe kwanza.* Alipofika kwenye tarehe, saba aliikata katikati.